Siti Iliyovuta Kushoto

Siti ya pikipiki inayotoka kiwandani ni ngumu kama shukrani ya kulazimishwa. Ndiyo maana waendesha bodaboda wa mji ule, kabla pikipiki mpya haijamaliza tangi lake la kwanza la mafuta, waliing'oa siti yake, wakaibeba kwapani, wakaipeleka kwenye kibanda cha mabati kilichobanana na chumba cha fundi cherehani, kwa mtu waliyemwita Kaa Kwanza.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukifika kibandani na haraka zako, ukaanza kueleza kwamba unataka siti laini, pana, yenye mshono mwekundu, yeye hakusikilizi. Anakuonyesha benchi. "Kaa kwanza," anasema. Ukishakaa anakutazama unavyokaa, kisha anachukua chaki. Aliamini kwamba mdomo wa mteja unaweza kudanganya, lakini kiuno hakina ujanja huo.

Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake na vidole vilivyonukia gundi hata siku ya mapumziko. Kazi yake ilikuwa safi. Aliibandua ngozi ngumu ya kiwandani, akaitupa sponji yake nyembamba, akachonga sponji mpya kwa kisu cha kukatia mikate, akaizungushia ngozi bandia aliyoivuta mpaka ikalia, kisha akaibana kwa chini kwa pini za stepla zilizojipanga kama meno ya mtoto. Mshono wake haukupitisha maji. Mafundi wengine mjini waliyaweza hayo pia. Wasiloliweza, au wasilolifikiria, ni lile lililofuata: Kaa Kwanza hakuitoa siti mpaka aikalie yeye mwenyewe.

Katikati ya kibanda palikuwa na fremu ya pikipiki isiyo na injini, magurudumu wala usukani, imefungwa sakafuni kwa nati, imeelekea barabarani. Mtaani waliiita pikipiki isiyofika. Asubuhi chai ikimiminwa, Kaa Kwanza aliifunga siti mpya juu ya fremu ile, akaipanda, akakaa. Alikaa hapo akishona ngozi ya siti nyingine mapajani, akiitikia salamu za wapita njia, mpaka kivuli cha paa kilipofika kwenye mtaro. Ndipo aliposhuka, akaipiga siti kofi dogo la kuagana nayo, akasema, "Imeiva."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema kila alipoulizwa. Watu wengine huitaja methali hiyo wakaenda zao. Yeye aliifanya sheria ya kazi. "Siti isiyokaliwa ni mto tu. Samaki mkunje angali mbichi, sponji ikalie ingali mpya."

Wateja waliringa nayo. Kituoni kwao, pale penye njia panda, ungesikia mmoja akimwambia mwenzake, "Yako aliikalia nusu siku. Yangu alishinda nayo."

Sasa, kulikuwa na jambo moja. Kaa Kwanza alikuwa ameinama upande. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa chini kuliko ya kulia, si kwa kiasi cha kumfanya mtu ageuke barabarani, bali kwa kiasi cha picha iliyotundikwa na mtu mwenye haraka. Alipokuwa mtoto alidondoka kutoka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli iliyoendeshwa na dada yake, na mfupa ukaunga kwa namna ulivyopenda wenyewe. Kila sponji aliyoikalia ilibonyea zaidi upande wa kushoto, ikatulia hivyo, ikaiva hivyo.

Yeye mwenyewe hakujua. Utauliza mtu anawezaje kufika umri wa mvi bila kujua kwamba amekaa upande, na jibu lake lilikuwa nyumbani, linapiga pasi. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akipiga pasi nguo za watu na kuishi naye tangu alipofiwa na mumewe, alikuwa amempunguzia pindo la mguu mmoja wa kila suruali aliyowahi kuvaa. Kiti chake cha kulia chakula alikikata mguu mmoja kwa msumeno wa kuazima. Kioo cha ukutani alikitundika kikiwa kimeinama, ili mdogo wake akijitazama asubuhi ajione amesimama kama mlingoti. Kwa hiyo Kaa Kwanza alijua kwamba yeye yuko wima. Kilichomsikitisha ni dunia. Alipokwenda benki alisimama mbele ya viti vya kungojea, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mafundi wa siku hizi," alisema. "Hata kiti hawajui kukiweka sawa."

Na mji taratibu ukaanza kuinama.

Kwanza ilikuwa suruali. Bodaboda wote walizitoboa upande wa kushoto wa makalio, na fundi cherehani, mtu mwembamba kama uzi wake, akashona viraka vingi hata akaanza kuvikata mapema na kuviweka tayari, vyote vya kushoto. Hakuuliza. Riziki haiulizwi ilikopita. Kisha askari wa barabarani akasimamisha kundi zima la pikipiki zilizokuwa zikija zimelala upande mmoja kama majani ya mpunga kwenye upepo. Aliwapulizisha kifaa cha kupimia pombe. Kifaa kikasema ni maji na chai. Akawatembeza kwa miguu, wakaenda sawa. Akawapandisha tena, wakalala tena. Askari akavua kofia, akajipangusa, akawaambia wapite tu, lakini wapite polepole.

Hatimaye ikawa njia panda. Pikipiki inayovuta kushoto hupinda kushoto kwa hiari yake, na mtu hupenda kinachomrahisishia. Wale vijana wakawa wanapinda kushoto tu. Aliyetaka kwenda kulia alipinda kushoto, akazunguka nyuma ya soko, akapinda kushoto tena, na tena, mpaka akatokea alikotaka, na abiria akashushwa mlangoni kwake akishangaa jinsi mji ulivyokua. Mama mwoka mikate, ambaye duka lake lilikuwa mara tu ukipinda kulia, aliwaona wateja wakipungua. Akabadilisha hamira. Akabadilisha unga. Mwisho akaupaka mlango rangi upya, asijue kwamba mikate yake haina kosa ila mahali ilipo.

Ndipo mkunga akaja.

Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mgongo umenyooka kama rula, mwenye pikipiki iliyopasuliwa siti na jua. Nusu ya wale bodaboda walipokelewa duniani na mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumpita barabarani bila kupunguza mwendo.

"Kaa kwanza," alisema fundi.

Mkunga akakaa. Fundi akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona mtu aliyekaa benchini vizuri namna ile, kana kwamba benchi ndilo lililomngojea. Akachukua chaki, akaiangusha, akaiokota.

"Utaipata siti, Bi Mkunga," alisema. "Siti ya kukaliwa na mtu kama wewe."

"Nataka isinimwage tu," alisema mkunga. "Njia yangu ina daraja la mbao lisilo na kingo. Mama akishikwa na uchungu ng'ambo, mimi ndiye ninayelivuka. Siti isinitie mtoni."

Kaa Kwanza hakuwahi kuitengeneza siti kwa uangalifu kama ile. Alishona mshono mara mbili. Na alipoipanda fremuni alikaa si siku hiyo tu bali na siku iliyofuata, ametulia tuli, moyo wake wote ukiwa umeshuka makalioni.

Wiki haikuisha mkunga akarudi.

"Fundi, inavuta."

"Inavuta nini?"

"Inavuta kushoto."

Kaa Kwanza aliipindua siti, akakagua kila pini. Akaivuta kila bolti, akapitisha ukucha juu ya mshono. "Hapa hapana kosa," alisema kwa upole. "Labda barabara."

"Barabara zote?"

"Siku hizi hata majengo, Bi Mkunga. Umekiona kiti cha benki?"

Mkunga hakuwa na habari na kiti cha benki. Akamwachia siti, akaenda zake kwa miguu na mkoba wake wa kazi begani. Kaa Kwanza akaifumua, akaweka sponji mpya, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye haya, aliyeona mteja kurudi na malalamiko ni kama mgeni kuondoka na njaa, akaikalia muda mrefu zaidi.

Mara ya pili mkunga alirudi na tope upande wa kushoto tu, kuanzia kiatu mpaka sikio. Mkononi alishika mizani ya kupimia watoto, imepinda.

"Nimelala mtaroni," alisema, "na sikuona sababu yoyote ya kulala mtaroni. Niliona tu pikipiki inakwenda huko, mimi nikiwa juu yake."

Siku hiyo mwenyekiti wa bodaboda alikuwa kibandani, amekuja kurekebishiwa ngozi. Alikuwa kijana mkubwa mwenye kicheko cha karibu, lakini mbele ya mkunga alisimama wima kadiri alivyoweza, yaani si sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umeinama?"

Mwenyekiti akajitazama. "Hivi ndivyo nilivyo, mama."

"Sivyo nilivyokupokea mimi," alisema mkunga. "Mimi nilikutoa umenyooka."

Kisha mwenyekiti akasema polepole, kama mtu anayelitoa jambo chini ya godoro, "Kusema kweli, yangu pia inavuta. Nilidhani ni mgongo. Naibu wangu alidhani ni mkewe, kwa sababu hupenda kukaa nyuma upande. Yule wa helmeti nyekundu ameshabadilisha magurudumu yote mawili. Hakuna aliyesema, maana siti ni laini, mama. Ukiikalia unasamehe."

"Mimi sisamehi," alisema mkunga. "Fundi, sikiliza. Nakupa mara moja tena. Ikivuta, narudisha ile ya kiwandani iliyopasuka, nitakaa juu ya mbao na misumari yake nifike kwa wagonjwa wangu."

"Na mama akirudi kiwandani," alisema mwenyekiti, akitazama chini kwa aibu, "na sisi tunarudi. Usikasirike, mzee. Huyu tukimbishia, wake zetu watazaa na nani?"

Wakaondoka. Kaa Kwanza akabaki na siti mapajani. Aliwaza kibanda bila siti ukutani, benchi bila mtu wa kuambiwa akae. Aliwaza pia mgongo ule ulionyooka ukienda zake juu ya ngozi iliyopasuka. Akanywa chai iliyopoa, akafanya jambo pekee alilojua kulifanya kwa ustadi. Akakaa.

Alikaa juu ya sponji ile kama kuku juu ya mayai. Hakushuka hata kula. Dada yake alimletea chakula akakila pale pale juu. Fundi cherehani alimchungulia kupitia tundu la bati lililotenganisha vyumba vyao.

"Jirani, hutapata vifaranga hapo."

"Niache."

"Nasema tu. Ungeitaga ingekuwa imeshaanguliwa."

Mkunga alipokuja mara ya tatu, alikuja na watu. Mwenyekiti alimfuata, na bodaboda watatu nyuma yake, wamesimama mlangoni kama miwa iliyopigwa na mvua. Mkunga alikuwa na kitu kirefu cha chuma chini ya kwapa, chenye kijibomba cha kioo katikati na kiputo cha hewa ndani yake. Ilikuwa pima maji ya waashi waliokuwa wakijenga wodi ya wazazi. Wao huilaza juu ya ukuta, kiputo kikikaa katikati, ukuta uko sawa, na kikikimbilia upande, upande huo ndio ulioinuka.

"Shuka," alimwambia fundi. Fundi akashuka. Mkunga akaifungua siti, akailaza pima maji juu ya fremu tupu.

Kiputo kikatulia katikati.

"Fremu haina neno," alisema mwenyekiti.

Mkunga akairudisha siti, akailaza pima maji juu yake. Kiputo kikakimbilia kulia kama mende aliyewashiwa taa.

"Kulia kumeinuka," alisema mkunga. "Kushoto kumezama. Siti hii ni mpya, haijapanda barabara yoyote. Imekaliwa na nani?"

"Na mimi tu," alisema Kaa Kwanza. "Mimi peke yangu, Bi Mkunga, wala sijamruhusu mtu kuigusa."

Mkunga alimtazama, na uso wake uliokuwa mkavu ukalowa kitu kidogo, huruma labda, au kicheko kilichokosa adabu ya kutoka. Akaonyesha benchi.

"Kaa kwanza," alisema.

Fundi akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu alijenge benchi lile, alikalia upande wa wateja. Mkunga akamzunguka kwa nyuma, akailaza pima maji juu ya mabega yake. Wote wakasogea kutazama. Kiputo hakikusita. Kilikwenda kulia, kikagonga mwisho wa kijibomba, kikabaki hapo.

"Nyani haoni kundule," ilisema sauti kutoka kwenye tundu la bati. Kisha ikajuta. "Samahani, jirani. Imenitoka."

Hakuna aliyecheka. Kaa Kwanza aliketi na chuma kile mabegani kama mtu aliyevishwa nira, macho yake yakienda kutoka kwa mwenyekiti mpaka kwa vijana wa mlangoni, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akauona mwinamo wake mwenyewe, amewagawia wote, bure, kwa mapenzi, kwa kushinda nao kutwa.

"Mimi," alisema.

"Wewe, fundi," alisema mkunga. "Si mshono. Mshono wako ni mzuri."

Kaa Kwanza alikwenda nyumbani mchana ule bila kufunga kibanda. Dada yake alikuwa juu ya shati la mtu, pasi ikipumua. Kaa Kwanza hakumsalimu. Alikwenda kwenye kioo, akakishika pembe mbili, akakinyoosha mpaka msumari ukalia. Ndani ya kioo akamwona mtu mnene mwenye mvi, amesimama kama mlango uliolegea bawaba.

"Dada," alisema, "kioo hiki kilikuwa kimekaa upande."

"Kilikuwa kimekaa sawa," alisema dada yake bila kuinua macho.

"Dada."

Pasi ikasimama.

"Na suruali?" aliuliza.

"Zote."

"Na kiti?"

"Msumeno niliuazima kwa seremala. Nikamwambia ni wa kukatia kuni."

Kaa Kwanza akakaa kwenye kiti kile, kikampokea kama kilivyompokea miaka yote, sawasawa kabisa, na ndipo alipotambua kwamba ni kiti kimoja tu duniani kilichowahi kutengenezwa kwa ajili yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

Dada yake aliiweka pasi wima, akaikunja mikono ya shati la mtu juu ya kifua chake, kwa uangalifu, kama anayemlaza mtoto.

"Ulikuwa unalia sana siku ile," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nashika usukani. Nikakwambia nyamaza, si kitu. Ukanyamaza, ukaniamini. Basi, mdogo wangu, tangu hapo ikawa kazi yangu kuhakikisha kwamba si kitu."

Walikaa hivyo mpaka pasi ikapoa. Kaa Kwanza aliinuka, akaenda kwenye kioo, na dada yake akafumba macho. Alipoyafumbua, kioo kilikuwa kimeinamishwa tena kama zamani, na mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake akijichana mvi, wima kama mlingoti.

"Kiache hivyo," alisema. "Nimeshakizoea."

Lakini siti haina dada. Kesho yake Kaa Kwanza aliweka sponji mpya, akatafuta mtu mwingine wa kuikalia, na hapo ndipo ilipodhihirika jinsi mambo yalivyokuwa yameharibika. Alimpandisha fundi cherehani. Fundi cherehani alikaa asubuhi nzima, akashuka, na sponji haikuwa na habari kwamba kuna mtu alikuwepo. Alimpandisha mwenyekiti. Mwenyekiti, aliyekuwa amepanda siti ya Kaa Kwanza kwa muda mrefu, aliibonyeza kushoto vile vile. Wakajaribiwa wale wengine, kila mmoja akilaziwa mabegani ile pima maji aliyoiacha mkunga. Hapakuwa na kiuno kilichonyooka katika kituo chote. Askari wa barabarani alipita, wakamwomba, akakataa akisema yuko kazini, lakini walimwona akijishika nyonga kwa wasiwasi alipokuwa akiondoka. Na mkunga, ambaye kiuno chake kingefaa, hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa ng'ambo kwa mama aliyepitisha siku zake, amekwenda na baiskeli ya kuazima, na alikuwa ametuma salamu kwamba keshokutwa jioni anakuja kuchukua siti, iwe nzuri au iwe mbaya, maana baiskeli imemmaliza.

"Ipeleke bila kuikalia," alisema fundi cherehani. "Mafundi wote ndivyo wanavyofanya."

"Mto," alisema Kaa Kwanza kwa huzuni. "Nimpe Bi Mkunga mto?"

Dada yake alikuwa ameingia na chakula. Hakuwahi kusema lolote kuhusu kazi ya siti, maana kila siti iliyotoka pale aliijua ilikotoka. Aliweka bakuli juu ya benchi, akaitazama fremu.

"Godoro likibonyea upande mmoja," alisema, "huwa tunalifanyaje?"

"Tunaligeuza," alisema fundi cherehani kupitia tundu.

"Basi." Akamtazama mdogo wake. "Mdogo wangu, geuka."

Kaa Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa. Kulipokucha akaweka sponji nyingine, akapanda siti akiwa ameelekea barabarani, kama siku zote, akakaa mpaka mchana. Kisha akashuka, akazunguka, akapanda tena kinyume, mgongo barabarani, uso ukutani, na nyonga ile ile nzito ikakaa upande wa pili. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha paa kikafika kwenye mtaro. Ukuta ulikuwa wa bati lenye kutu na kalenda ya zamani ya kampuni ya matairi. Hapakuwa na la kutazama. Watu walipita nyuma yake wakisalimia, naye akiitikia kalenda.

Tangu siku ile ikawa ndiyo sheria mpya: asubuhi barabara, alasiri ukuta. Na kwa kuwa mtu aliyezoea kuona mtaa hawezi kuishi na bati, fundi cherehani alihamishia cherehani yake mlangoni mwa kibanda, akawa anamsimulia yanayopita.

Mkunga alipokuja jioni ya kesho yake, siti yake ilikuwa imeiva na imewekwa juu ya benchi. Kaa Kwanza alikuwa tayari juu ya fremu, uso ukutani, akiikalia siti ya mwenyekiti, ambaye aliomba kurekebishiwa kabla hajajua kama anarudi kiwandani au la. Ndivyo watu walivyo. Aliposikia hatua za mkunga alitaka kugeuka, lakini dada yake alikuwa amemwambia asigeuke katikati, siti itachanganyikiwa.

"Karibu, Bi Mkunga," aliiambia kalenda.

"Asante, fundi."

Akasikia chuma kikilazwa juu ya ngozi. Kisha hakusikia kitu.

"Jirani," alinong'ona.

"Subiri," alisema fundi cherehani. "Kinatafuta mahali. Kimekwenda kulia. Kimerudi. Kimekwenda kushoto kidogo, kama anayechungulia. Kimekaa."

"Kimekaa wapi?"

"Katikati."

Bolti zikafungwa, moja baada ya nyingine. Pikipiki ikawashwa, mlio wake ukajaa kibandani, ukatoka nje. Kule njia panda, mwenyekiti na wenzake walikuwa wamejipanga wakingoja, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kipimo si pima maji. Kipimo ni kupinda kulia.

"Anakwenda," alisimulia fundi cherehani, mguu umeacha kukanyaga cherehani. "Amenyooka. Anapita duka la vipuri. Ameshika usukani kwa mkono mmoja, mwingine anafunga mkoba. Yule mwanamke hana woga. Mwenyekiti amevua helmeti. Amefika njia panda."

"Amepinda?"

"Amesimama. Kuna lori."

"Lori limepita?"

"Jirani, lori ni refu."

Kaa Kwanza alishika ukingo wa siti ya mwenyekiti kwa mikono miwili. Mbele yake kalenda ilionyesha gurudumu moja kubwa, jeusi, limesimama wima bila msaada wa mtu.

"Limepita," alisema fundi cherehani. "Anawasha taa ya kupinda."

"Ya upande gani?"

"Kulia." Akarefusha shingo. "Kapinda. Kapinda kulia, jirani, mara moja, hakuzunguka popote. Hakuyumba. Kashika njia ya darajani." Cherehani ikaanza kulia polepole. "Lo, kasimama kwanza."

"Kasimama? Imevuta?"

"Hapana. Kasimama kwa mama mwoka mikate. Mama katoka nje, kashika mlango kwa mikono miwili, kama aliyeona maiti ikitembea. Bi Mkunga ananunua mkate."

"Ananunua mkate," alisema Kaa Kwanza.

"Anaufunga nyuma ya siti. Sasa anatazama huku. Anapunga mkono." Fundi cherehani alisita. "Nadhani ni kwako. Mimi hanijui kwa jina. Hutageuka hata kidogo?"

Kaa Kwanza aliinua mkono wake mnene, wenye harufu ya gundi, akaipungia kalenda kwa heshima zote, akaendelea kukaa. Kivuli cha paa kilikuwa hakijafika kwenye mtaro.